Roho ya Voi na Daftari la Karani

Mzee alitoa makopo matatu ya Kimbo chini ya kitanda, akayapanga mezani moja moja kama mtu aliyezoea kukabidhi mali kwa sahihi. Mimi nilikuwa nimekuja kuangalia gari. Kopo la kwanza lilijaa pointi na kondensa kuukuu za kuwashia injini, kila moja imefungwa uzi wenye kikaratasi cha kuonyesha ilitolewa lini. La pili lilikuwa na nati, vishikio vya madirisha ya kusukuma, na kioo kimoja cha indiketa chenye ufa. La tatu alilifungua mwisho. Ndani ya gazeti lililogeuka rangi ya chai kulikuwa na chupa ya kioo kinene, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Hii ya maji ya rejeta," akasema. "Fundi mmoja aliitoa akaweka ya plastiki, akataka kuitupa. Nikamwambia, mwanangu, hiyo niachie, imo kwenye hesabu."

Alikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge kwa miaka thelathini na moja. Gari bado sijaliona, lakini nikajua nitalinunua.

Lilikuwa Renault 4, ile ambayo sisi Kenya tuliijua kwa jina la Roho. Kama ulizaliwa baada ya mitumba ya Japani kuijaza barabara, huenda hujawahi kuiona. Ni kigari chenye sura ya kisanduku, milango minne na wa tano nyuma, na gia inachomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli: unavuta, unasukuma, unasokota. Mwalimu wetu mkuu pale Changamwe alikuwa nayo. Siku za mashindano ya kwaya alikunja kiti cha nyuma, akapakia ngoma zote na sare zote, na juu ya sare akatupakia sisi wadogo. Sakafu yake ni tambarare mpaka mlangoni, kwa hiyo tulilala chali tukiangalia nyaya za simu zikipanda na kushuka. Nimepanda magari mengi tangu hapo, hakuna lililonipa usingizi kama ule.

Renault walilizindua mwaka 1961. Mkuu wao, Pierre Dreyfus, alitaka gari la kuvaliwa kama suruali ya jinzi, la shambani na la mjini, la mkulima na la daktari. Lilikuwa gari dogo la kwanza la Renault kuvutwa na magurudumu ya mbele, na mpaka linaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni 8. Wahispania waliliita makopo manne. Kule Colombia walisema rafiki mwaminifu. Mzee wangu, yule karani wa Mwatate, karibu na Voi, ana maelezo yake ya jina letu: "Inaitwa Roho kwa kuwa haikati."

Sasa utauliza, gari la milioni 8 linakuwaje adimu? Jibu ni kwamba gari rahisi hakuna anayelitunza. Mercedes ya zamani hufunikwa turubai na kungojewa apatikane mnunuzi mwenye pesa. Roho ilitumika mpaka ikaisha. Ilibeba mkaa, mbuzi, wagonjwa na saruji, na ilipochoka ikakatwa ikapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Nimeona mlango wa Roho ukiwa mlango wa banda la kuku kule Mariakani. Nilisimama nikaupiga picha. Mwenye kuku akanitazama kwa huruma.

Nilitafuta miaka sita. Nisiwachoshe na safari zote, ila moja ya Nairobi lazima niitaje kwa sababu ilinifunza nilichokuwa nakitafuta. Karibu na Kirinyaga Road, kwenye gereji ya kijana mmoja mwenye bidii kweli, nilionyeshwa Roho nyekundu inayomeremeta. Viti vya ngozi kutoka Toyota. Redio yenye skrini. Rimu za kisasa za nati nne, na Roho ina nati tatu tu kwenye kila gurudumu, maana yake hata haba, vile vitovu vya magurudumu, zilibadilishwa. "Dada, nimeifanya mpya," akaniambia, na alikuwa na haki ya kujivunia. Nilizunguka mara mbili, nikalala chini nikachungulia. Ilikuwa safi kuliko siku ilipozaliwa. Moyoni nikawa kama niliyefika kwa rafiki wa zamani nikafunguliwa mlango na mgeni.

Mimi nina duka la kuchapisha na kutoa nakala hapa Mombasa. Kila wiki huja mtu na cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1968, kimechanika kwenye mikunjo, anataka nikilamineti. Humkatalia. Ninamwambia plastiki ikishashika karatasi haitoki tena. Ukitaka kuibandua unang'oa na wino. Weka kwenye mfuko, nikutolee nakala, utembee na nakala. Wengine hukasirika wakaenda duka la pili. Ile Roho nyekundu ilikuwa cheti kilicholaminetiwa.

Shangazi yangu wa Voi ndiye aliyelipata langu, bila kutoka kibarazani. Alinipigia simu jioni: "Kile kigari chako, kuna mzee hapa Mwatate anacho. Watu wanamwambia auze chuma, hataki. Njoo na heshima zako." Nikapanda treni asubuhi iliyofuata.

Lilikuwa chini ya paa la mabati, juu ya mawe manne, limefunikwa magunia ya mkonge. Rangi ya krimu. Vumbi jekundu la Tsavo limeingia kila upenyo, lakini Taita Taveta ni kukavu, na kukavu ndiko uhai wa bati. Nikaanza kukagua nikiwa na tochi na kisumaku, maana sumaku haishiki mahali palipojazwa pati ya kuzibia bati. Ilishika kila mahali isipokuwa kona moja ya chini ya mlango wa kulia. Grili ya mbele ilikuwa ile pana ya alumini inayozunguka taa, ambayo Renault waliitumia kuanzia 1967 mpaka katikati ya miaka ya 1970, kabla ya kuja ile ya plastiki nyeusi. Chini ya boneti kibao cha kiwandani kipo, kinasomeka R1123, na rivati zake hazijawahi kuguswa. Namba za usajili ni zile nyeusi za zamani, herufi tatu na tarakimu, hakuna herufi ya mwisho.

Nikafungua mlango wa dereva. Nikakaa. Kiti kikanipokea vingine.

Viti vya Roho ni fremu za bomba zenye mipira iliyovutwa, juu yake mto na kitambaa. Mipira hiyo hukauka na kukatika. Hiki hakikuwa na mpira hata mmoja. Kilikuwa kimewambwa kwa kamba ya mkonge, kama kitanda, kwa mwambo wa kupishana uliokazwa vizuri hata baada ya miaka yote ile. "Mipira ilikatika, Mombasa nikaambiwa hakuna," Mzee akaeleza. "Kamba nilikuwa nazo stoo. Nilizinunua, usidhani. Risiti ipo."

Risiti kweli ilikuwepo. Imebandikwa kwenye daftari.

Hilo daftari ndilo nililotaka kuwaandikia leo, gari limeniingilia tu. Ni la jalada gumu, la hesabu, lenye mistari myekundu ya shilingi na senti. Linaanza mwaka 1979, aliponunua gari kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Kila tarehe gari lilipoguswa imeandikwa: tarehe, kilomita, kilichofanywa, bei, aliyefanya. Plagi nne. Oili. Kuziba pancha Maungu. "Kumpeleka mama Nafisi Wundanyi hospitali, kurudi naye na mtoto." "Njia mbovu, silensa imeguswa." Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili ya jaribio la mapinduzi, mstari mmoja tu: "Gari halikutoka." Mwaka 1984, wa ile njaa, kurasa mbili nzima ni safari za kubeba mahindi ya msaada, na katikati yake: "Kamba mpya, viti viwili vya mbele."

Bei hatukubishana sana. Alitaja, nikapunguza, akanitazama, nikarudi pale pale.

Nikampata fundi hapo hapo Voi, mtu wa makamo, mkono wake mzuri. Siku ya tatu akanipigia simu kwa sauti ya msiba. "Mama, hii gari ilianguka. Chasisi imepinda." Alikuwa amepima kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande mmoja na wa pili, akakuta tofauti ya karibu sentimita tano. Alikuwa tayari amezungumza na watu wenye mashine ya kuvuta chasisi, wameshampa bei, wanangoja neno langu.

Nilikuwa na bahati ya kulijua hilo. Roho imezaliwa hivyo. Nyuma haina springi za kuzunguka. Imebebwa na fito mbili za chuma zinazojisokota, kila moja inalala kukingama upana mzima wa gari. Fito mbili haziwezi kulala mahali pamoja, kwa hiyo moja imewekwa mbele ya mwenzake, na magurudumu yakafuata fito zake. Tofauti ni milimita 48. Wahandisi wa Renault walipima, wakaona haidhuru mwendo, wakaiacha. Zaidi ya milioni 8, zote chopi.

Nilimweleza fundi. Hakuniamini. Nikamtumia mchoro kwenye simu. Akaukuza, akaupunguza, akaenda kulala chini ya gari na tochi, akarudi akicheka peke yake. Tangu siku hiyo kila akija mteja humwonyesha: "Pima hapa. Sasa pima hapa." Lakini fikiria ingekuwa mtu mwingine anayejibu ile simu. Gari lililonusurika njaa, barabara na kamba lingenyooshwa likaharibika, na mwenyewe angelipa pesa na kushukuru.

Msijenge picha kwamba mimi ndiye mwerevu wa hadithi hii. Wiki mbili baadaye, nikiwa na hamu ya kuona krimu ile ikirudi, nilimlipa mtu mwenye mashine ya polishi aipitishe kwenye fenda la kulia, "kidogo tu, tuone." Rangi ya kiwandani si nene, na hii ilikuwa imeliwa na jua miaka hamsini. Kwenye ukingo wa juu wa fenda, pale bati linapogeuka, mashine ilipita mara moja zaidi na rangi ikaondoka yote. Palibaki utepe wa kijivu wa rangi ya chini, urefu wa kidole. Aliniomba radhi, nami nikamwambia kosa ni la aliyeagiza. Akajitolea kupuliza fenda zima bure, lingefanana kabisa.

Nilikaa kibarazani kwa shangazi nikiwaza. Fenda moja jipya lingefanya milango ionekane michafu. Milango ikipulizwa, paa litalia. Hivyo ndivyo Roho za Nairobi zinavyogeuka nyekundu. Hakuna aliyekaa akaamua kuua gari, kila mmoja alirekebisha fenda tu. Nikapaka nta juu ya ule utepe ili usishike kutu, nikauacha. Upo. Wageni huuliza, nawaambia hapo ndipo nilipojifunza kuosha kwa kitambaa.

Swali la viti lilikuwa gumu zaidi, na hapa najua wengine hamtakubaliana nami. Ulaya unaweza kuagiza mipira mipya ya viti vya Renault 4, inauzwa kwa seti. Rafiki yangu mpenzi wa magari ya zamani, ambaye hupeleka lake kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, alinishauri niiagize upesi. Hoja yake ina uzito: uasilia ni vile gari lilivyotoka kiwandani, na hakuna kiwanda cha Renault kilichofunga mkonge. Jaji akiinua mto akakuta kamba, atakata alama.

Ninaelewa. Lakini gari hili lilitumia miaka michache kuwa vile kiwanda kilivyotaka na zaidi ya arobaini kuwa vile Mwatate ilivyohitaji. Ipi ndiyo asili? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina mwongozo unaoitwa Mkataba wa Turin, na nilipousoma nilipata faraja: unasema kuhifadhi kutangulie kutengeneza upya, na kwamba mabadiliko yaliyofanywa gari likiwa bado kazini ni sehemu ya historia yake. Kamba ni ya 1984, mwaka wenyewe umo daftarini, na ilifungwa ili gari libebe mahindi. Redio ya skrini ya Nairobi ilifungwa ili gari lipendeze. Mimi naona tofauti kati ya hayo mawili, hata kama mizani yangu si ya jaji. Mipira sijaagiza. Shangazi, ambaye ni Mkatoliki wa kila asubuhi, alifunga mjadala kwa njia yake: Papa Francis mwaka 2013 alipewa na kasisi Renault 4 kuukuu ya 1984 iliyokwisha kutembea kilomita laki tatu, "na sikusikia kwamba aliibadilisha viti."

Kwa upande wa pili, pati ya mlango wa kulia nimeitoa. Ilikuwa imeshika maji na kulea kutu nyuma yake. Ile haikuwa kumbukumbu, ilikuwa kidonda kilichofungwa bila kuoshwa. Bati likachomelewa kipande kidogo, kikapakwa rangi ya mkono, na ukitazama kwa karibu unakiona. Ndivyo nilivyotaka. Breki pia sikufanya mzaha: raba zote mpya, mabomba mapya, maana hakuna uasilia wa kufa nao kwenye mteremko wa Wundanyi. Vilivyotoka viliingia kwenye kopo la nne la Kimbo, na vikaratasi vyake. Chupa ya kioo ikarudi mahali pake; ya plastiki nayo ikaenda koponi, kwa kuwa ilifanya kazi kwa uaminifu zaidi ya miaka thelathini.

Kebo ya klachi ilitusumbua miezi minne. Tulijaribu ya pikipiki, tukajaribu ya kutengeneza. Mwisho binamu yangu baharia aliinunua Madagaska, meli yao ilipotia nanga Toamasina. Kule Renault 4 bado ni teksi. Antananarivo zinapanda vilima mchana kutwa, na spea zinauzwa kama maandazi. Sisi huku tunatafuta kwa tochi kitu ambacho ng'ambo ya bahari hii hii mtu anapandia kwenda sokoni.

Gari lilipowaka, nikataka kulileta Mombasa. Lazima niseme ukweli, nilitaka kuonekana nalo. Kulipitisha Makupa, kuliegesha nje ya duka. Mzee akauliza swali moja: "Nyumba yako iko mbali gani na bahari?" Nikamwambia upepo ukivuma tunafuta chumvi kwenye madirisha. Hakusema lingine. Chasisi ya Roho ni masanduku ya bati jembamba, kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki, na siku unayoona tobo nje, ndani hakuna kitu. Miaka hamsini ya ukavu ingeliwa na misimu mitatu minne ya kusi.

Kwa hiyo nina gari ninaloishi mbali nalo. Linalala Voi kwa shangazi, chini ya paa, limefunikwa magunia yale yale ya mkonge, maana yanapumua kuliko turubai la plastiki. Jumamosi mbili za mwezi napanda treni asubuhi, nafika, naangalia oili, nasukuma dirisha, nachomoa mwavuli wangu. Twaenda Mwatate taratibu. Mzee anasimama mlangoni kabla sijazima, eti anasikia valvu. Tunakunywa chai. Anazunguka gari, anagusa ule utepe wa kijivu kwenye fenda kwa kidole, hasemi kitu, na mimi sisemi kitu.

Mwezi uliopita nilibadilisha matairi. Saizi yake, 135 ya rimu 13, ni nyembamba mno kwa siku hizi na niliyangoja muda mrefu, kwa hiyo siku yalipofika nilifurahi, nikayafunga, nikarudi Mombasa usiku. Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Matairi ni mazuri, mwanangu. Nimepita kwa shangazi yako nikayaona."

"Asante, Mzee."

"Nimefungua daftari. Mstari wa mwisho ni wa kebo."

Nikamwambia risiti ninayo kwenye mkoba, nitaiandika nikija.

"Kilomita ngapi ulipoyafunga?"

Sikuwa nimeangalia. Kukawa kimya kwenye simu, kimya cha stoo wakati wa ukaguzi. Nikampigia shangazi, nikamwomba achukue tochi.